Umenunua roboti ya kufagia na kudeki? Soma hapa kabla hujaiwasha

Kitu cha kwanza uelewe, hii mashine haikuondolei kazi ya usafi, inakubadilishia tu. Ulikuwa unafagia kila siku, sa hivi utakuwa unaokota vitu chini kila siku na kuisafisha yenyewe. Mi ninayo mwaka wa pili sasa, nyumba ya vyumba vitatu huku Tegeta, tailizi kila mahali, watoto wawili, mchanga wa nje hauishi kuingia, na habari za kuamka na ufagio sizitaki tena, ila miezi mitatu ya kwanza nusura niiuze. Nyumbani tunaiita Kobe, utaelewa ukiiona inavyoingia uvunguni.

Kama bado hujanunua, shika futi kamba upime uvungu wa sofa, kabati la tivii na vitanda. Zile zenye kikofia juu, ndani yake kuna leza inayozunguka kupima chumba na kuchora ramani, nyingi zinakuwa na kimo cha kama sentimita 10, kwa hiyo uvungu wa sentimita 9 sahau, na uvungu wa 10 kamili ndo mbaya zaidi manake inaingia nusu, inabanwa, inaanza kulia uje uitoe. Pima na vizingiti vya milango, nyingi zinapanda kama sentimita 2 hivi, zaidi ya hapo chumba hicho utakuwa unaibeba mwenyewe kama mtoto. Na leza usiikose jamani. Zile za bei chee zisizo na ramani zinatembea zikigonga ukuta zinageuka, ndo roboti za kwanza za kampuni ya Roomba za 2002 zilivyokuwa, sehemu moja inapita mara tano na kona ya jikoni haifiki. Wauzaji watakuimbia paskali, yaani kipimo cha nguvu ya kuvuta vumbi, elfu kumi, elfu ishirini, we kama sakafu yako ni tailizi 2,500 inatosha kabisa, paskali nyingi ni za watu wa mazulia.

Angalia umeme pia. Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani soma kibandiko chini ya kituo cha chaji, kama kimeandikwa 100 mpaka 240 chomeka tu, lakini vile vituo virefu vinavyonyonya uchafu kutoka kwenye roboti, vya soko la kule vingi ni vya volti 120 tu, ukichomeka kwenye 230 yetu umekiunguza siku hiyohiyo. Na ukiagiza kwa watu wanaofunga mzigo Guangzhou, uliza kabisa kama ni ya soko la China au la nje. Mi sikuuliza. Nikafungua boksi, nikabonyeza, ikaanza kunisemesha Kichina, na kwenye simu ikagoma kuunganishwa mpaka nilipobadilisha eneo la programu kuwa China bara. Mpaka leo ikikwama inalalamika Kichina, watoto wameshazoea na kuiga wanaiga.

Kwenye waifai, nyingi zinashika ile ya gigahezi 2.4 tu, ya 5 haziioni, kwa hiyo kama rauta yako inatoa zote mbili kwa jina moja itakusumbua siku nzima, nenda kwenye setingi uzitenganishe majina. Na kama unachagua kati ya yenye kamera na isiyo na kamera, mi nilichukua isiyo nayo, kwetu mtu anatoka kuoga na kanga moja, sitaki kitu chenye jicho na intaneti kizunguke koridoni.

Haya, siku ya kwanza. Kituo cha chaji kiweke ukutani sehemu ambayo hutakihamisha, mbele yake pawe wazi kama mita moja na nusu, pembeni nusu mita kila upande. Fungua milango yote, pandisha viti juu ya meza, halafu iache izunguke ichore ramani, usiibebe katikati ya kazi ukaiweka kwingine, itachanganyikiwa. Kioo kirefu cha kujitazamia kikifika mpaka chini kinaidanganya leza, yangu ilichora chumba kizima nyuma ya kioo cha kabati, nikaona nimeongezewa chumba bila kumlipa fundi. Suluhisho ni kubandika karatasi sehemu ya chini ya kioo, pale leza inapopita, au kuchora mstari wa marufuku kwenye ramani ya kwenye simu, roboti haiuvuki.

Sasa huo mstari wa marufuku ndo utakaokuokoa kuliko kitu kingine chochote. Mkeka kwa mfano. Ile brashi ya pembeni inayozunguka inashika ncha za ukili inaanza kuzifumua, bi mkubwa alikuja kututembelea akakuta mkeka wake wa Tanga umeanza kuchanika pembeni, sikuwa na pa kujificha. Sehemu ya mkeka weka marufuku au ukunje kabla ya muda wa kazi. Zulia lenye nyuzi za kuning'inia hivyohivyo, pazia linaloburuza chini lifunge fundo, na waya za chaja pandisha zote. Zulia jeusi lina kituko chake, sensa za chini zinazozuia isianguke ngazini zinaliona kama shimo, inasimama ukingoni haitaki kupanda. Muda mi nimeweka saa nne asubuhi, watoto shule, hakuna anayekula wala kuswali chini.

Majimaji usiiache iyapitie wakati inavuta vumbi. Uji uliomwagika, maji ya kunawa, chai, futa kwanza kwa mkono, manake maji yakifika kwenye mota ndo basi tena. Na mchanga ukiwa mwingi, mmetoka bichi mathalani, piga ufagio kwanza, yenyewe itamalizia, kiboksi cha uchafu ni kidogo tu na mchanga unaingia kwenye ekseli za matairi. Msimu wa kumbikumbi ndo inanifurahisha, asubuhi zile mbawa zote zimeisha, ila filta lazima uikung'ute siku hiyohiyo.

Kudeki sasa, hapa wengi ndo wanapokosea. Kwanza usitegemee itasugua doa la mchuzi lililokauka tangu juzi, inapangusa tu, basi. Uzuri wake ni kila siku kidogokidogo, tailizi zinabaki hazina lile vumbi la kukanyaga na miguu mitupu. Pili usitie jiki kwenye tenki, wala sabuni ya unga, wala dettol, jiki inakula raba na pampu na povu linaziba mirija, tia maji matupu au dawa yake maalumu kwa kipimo kilichoandikwa. Tatu, maji yenyewe. Sisi wa visima vya chumvi tunajua birika linavyoota ukoko mweupe ndani, sasa huo ukoko ndo unaziba vitundu vya kutolea maji, na kwenye tailizi nyeusi unaacha michirizi kama konokono kapita. Mi natumia maji ya mvua au ya bomba, nayaweka kwenye dumu lake pembeni, lita tano zinakaa siku kadhaa. Tambara likishadeki livue, lifue, lianike juani. Ukiliacha limebaki chini ya roboti na joto la Dar, kesho sebule nzima inanuka kama soksi, na ukiwasha tena inakwenda kupaka harufu hiyo nyumba nzima. Zenye kituo kinachofua na kukausha kwa hewa ya moto zimepunguza hii kazi, lakini lile tenki la maji machafu bado ni lako, limwage kila siku, usisubiri likushitue.

Usafi wa yenyewe, mi nafanya Jumamosi, dakika kumi. Pindua, toa brashi kubwa ya katikati, kata nywele kwa mkasi, kama nyumbani kuna anayesuka rasta zile nywele za bandia zinajiviringisha mpaka ndani ya beringi kwenye ncha za brashi, zitoe zote vinginevyo plastiki inayeyuka kwa msuguano. Gurudumu dogo la mbele vuta kwa nguvu linachomoka, humo mnakuwa na kamba ya nywele utashangaa. Sensa zifute kwa kitambaa kikavu. Filta kama imeandikwa inafuliwa, ioshe kwa maji bila sabuni na uiache siku nzima ikauke, ukiirudisha mbichi inashika vumbi kama udongo wa kufinyangia. Kwenye roboti za Roborock programu ya simu yenyewe inakuhesabia muda wa kubadilisha, filta baada ya saa 150 za kazi, brashi ya pembeni 200, ile kubwa 300, lakini hizo hesabu ni za kwao, kwa vumbi letu nabadilisha mapema. Nunua filta na brashi za akiba pamoja na roboti, kuja kuzitafuta moja moja baadaye ni usumbufu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi haina shida, inaendelea na betri, shida ni kurudi. Kituo ndo kinatoa mwanga usioonekana wa kuiongoza wakati wa kuingia, bila umeme inafika karibu kabisa inazungukazunguka haioni mlango, mwisho inazimikia katikati ya sebule. Umeme ukirudi ibebe ukaiweke, usiiache siku tatu imekufa, betri za lithiamu hazipendi kukaa tupu.

Mkisafiri mwezi mzima, ichaji ijae, izime kwa batani yake, mwaga matenki yote mawili, vua matambara. Na mkirudi, kabla ya kuiwasha, chungulia uvunguni mwa sofa, kwangu mara ya mwisho nilitoa ndala mbili zisizofanana na rimoti tuliyokuwa tumeshanunua nyingine.