Kuhamia Programu Mpya ya Bajeti: Mwongozo kwa Idara za Fedha za Kampuni za Mombasa

Mwongozo huu nimewaandikia wahasibu na mameneja wa fedha wa kampuni za uwakala wa forodha, maghala na usafirishaji, ambazo zimeamua kuachana na majedwali ya Excel na kununua programu ya bajeti na mipango. Faida ya programu hizi ni kwamba kila tarakimu inaweza kuonyesha imetokana na nini, lakini faida hiyo haipatikani iwapo tutahamisha majedwali ya zamani jinsi yalivyo. Kwa hiyo kazi kubwa zaidi hufanyika kabla mtu yeyote hajapewa nywila.

Hatua ya 1: Pangeni kalenda. Kampuni ambayo mwaka wake wa fedha huanza Januari ihakikishe programu iko tayari kufikia mwisho wa Agosti, kwa sababu idara huanza kuandaa makadirio Septemba. Msianze kazi hii wakati wakaguzi wa hesabu wamo ofisini.

Hatua ya 2: Safisheni orodha ya akaunti. Toeni leja ya mwaka uliopita na mtengeneze jedwali lenye safu tatu: akaunti ya zamani, akaunti mpya na kituo cha gharama, yaani idara au kitengo kinachobeba gharama hiyo. Akaunti iitwayo "Matengenezo ya magari" mara nyingi huficha matairi, oili, vipuri na malipo ya fundi wa kuchomelea, na kila kimoja kina sababu yake ya kupanda au kushuka; tairi huisha kwa kilomita, ilhali bima hulipwa hata gari likiwa limeegeshwa. Akaunti ya "Gharama nyinginezo" ifunguliwe vocha kwa vocha, kwani humo ndimo hujificha ada za kuchelewa kurudisha kontena na ada za kuhifadhi mizigo bandarini, ambazo kampuni ingeweza kuzidai kwa mteja.

Kwa mawakala wa forodha kuna jambo la kuangaliwa kwa makini sana. Ushuru unaolipwa kwa niaba ya mteja si gharama ya kampuni, kwa hiyo usiingizwe katika bajeti ya matumizi. Hata hivyo, fedha hizo hutoka benki leo na kurejeshwa baada ya wiki kadhaa, na kwa sababu hiyo ni lazima zionekane katika mpango wa mtiririko wa fedha. Iwapo programu haiwezi kutenganisha mambo haya mawili, mwulizeni muuzaji kabla ya kutia saini mkataba.

Mkimaliza, jumla ya mwaka uliopita kwa akaunti mpya ilingane na jumla ya akaunti za zamani hadi shilingi ya mwisho. Zisipolingana, msiendelee.

Hatua ya 3: Wekeni vigezo badala ya kiasi. Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, na ningependa msipaharakishe. Chukueni mfano wa dizeli. Lori linalotoka bandari ya Kilindini kwenda Nairobi na kurudi hukata takriban kilomita 960. Tuseme linatumia lita moja kwa kila kilomita 2, bei ni shilingi 165 kwa lita, na kampuni ina safari 40 kwa mwezi. Kila safari itahitaji lita 480, yaani shilingi 79,200, na mwezi mzima utagharimu shilingi 3,168,000. Katika programu, msiandike 3,168,000. Andikeni kilomita, matumizi ya mafuta, bei na idadi ya safari, kila kimoja mahali pake, kisha fomula izidishe. Bei ikipanda kwa shilingi 10, mtabadilisha kisanduku kimoja, na ongezeko la shilingi 192,000 kwa mwezi litajitokeza lenyewe.

Bei za mafuta nchini hutangazwa na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, na hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na bei ya Mombasa haiwi sawa na ya Nairobi. Basi wekeni kigezo cha bei kwa kila mji ambako magari hujaza mafuta.

Kiwango cha kubadilisha fedha kiwe kigezo kinachojitegemea. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na katika mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Ankara ya dola 20,000 ilitofautiana kwa takriban shilingi 600,000 kutegemea mwezi iliolipwa. Tayarisheni hali tatu za kiwango hicho, ya kawaida, ngumu na nafuu, ili wakurugenzi waone athari zake papo hapo.

Kwa mishahara, gawanyeni mwaka. Viwango vya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, vilibadilika Februari katika miaka ya 2023, 2024 na 2025, na sheria ya fedha ya serikali kwa kawaida huanza kutumika Julai. Kiwango kimoja cha mwaka mzima hakitoshi.

Hatua ya 4: Gaweni ruhusa. Kila mkuu wa idara aandike yake tu. Mishahara ya mtu mmoja mmoja ionwe na wachache, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu kuwa taarifa binafsi, na ina masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje ya Kenya. Ulizeni seva za muuzaji ziko wapi.

Hatua ya 5: Jaribuni kwa robo mwaka. Endesheni programu na Excel sambamba kwa miezi mitatu. Kila tofauti itafutiwe sababu na iandikwe, hata ikiwa ni ndogo.

Hatua ya 6: Wafundisheni watumiaji mahali pao pa kazi. Semina ya siku nzima hotelini haimsaidii sana msimamizi wa karakana. Nendeni kwake Changamwe au Miritini, mwombeni daftari lake la matairi, mkaingize tarakimu zake pamoja naye. Akiuliza, "Bwana mhasibu, mbona imeandika matairi mengi hivi, na magari mawili tumeyauza?", ujue amekwisha kuielewa programu, na huenda amewaokoa na kosa ambalo ofisini lisingeonekana. Mimi naithamini hatua hii kuliko miongozo yote ya muuzaji.

Hatua ya 7: Fungeni toleo lililoidhinishwa. Bodi ikishapitisha bajeti, toleo hilo lisibadilishwe na mtu yeyote. Mabadiliko yote yaende kwenye toleo la makadirio mapya, linalohuishwa kila mwezi mara matokeo halisi yanapotoka kwenye leja. Majedwali ya zamani ya Excel yawekwe kwenye folda isiyoruhusu kuhaririwa, ili yasomwe tu inapobidi.