Kabla ya Kupima Wakati wa Mivunjiko ya DNA katika Meiosisi ya Wadudu

Anayetaka kujua kama DNA hukatika kabla au baada ya kromosomu kushikamana katika meiosisi ya wadudu, yaani mgawanyiko wa seli unaozaa mayai na manii, hukabiliwa na ugumu mmoja tangu mwanzo: seli iliyohifadhiwa kwa fomalini haina saa. Kwa hiyo, hata kabla ya kuagiza kingamwili, yaani protini inayonasa protini fulani ili ionekane kwa rangi, ni lazima aamue ni kitu gani kitakachosimama badala ya saa hiyo, na jibu hutegemea mdudu atakayemchagua.

Kwa jike wa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, saa ni mahali seli ilipo. Ovari yake imeundwa kwa mirija myembamba, na kwenye ncha ya kila mrija seli huzaliwa mbele kabisa, kisha husogea nyuma kadiri zinavyokomaa. Seli moja hugawanyika mara 4 na kufanya kifuko cha seli 16, ambamo moja tu ndiyo itakayokuwa yai. Ncha hiyo imegawanywa katika kanda za 1, 2a, 2b na 3. Changamano la sinaptonema, ile zipu ya protini inayofunga kromosomu ya baba na ya mama ubavu kwa ubavu, huonekana kwanza katika kanda ya 2a. Mivunjiko huonekana katika kanda hiyo hiyo, lakini ndani ya seli ambazo zipu imekwisha kuanza kufungwa, na kufikia kanda ya 3 mingi huwa imekwisha kurekebishwa. Ovari za namna hii zisisetwe, kwa kuwa mpangilio ukivurugika ushahidi wote wa wakati hupotea nao.

Panzi ni habari nyingine. Uchunguzi wa madume wa panzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kwao mivunjiko hutangulia na kushikamana hufuata, kama ilivyo kwa hamira na panya. Katika nzi, kinyume chake, kromosomu hushikamana hata pale jeni ya mei-W68, inayohusika na kukata DNA, inapokosekana. Atakayetumia panzi au nzige wa jangwani, ambaye kwetu hana haja ya kutambulishwa, atabana seli za korodani kati ya vioo ili azione vizuri, na kwa kufanya hivyo nafasi ya kila seli itapotea. Basi ajiandae kuitambua hatua kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kutia rangi protini za kohesini, ambazo huonyesha mihimili ya kromosomu ikiwa bado nyembamba na iliyotengana, au ikiwa tayari imeungana na kuwa minene. Nzige dume ana kromosomu 23, na X yake haina mwenzi; isihesabiwe kama jozi iliyoshindwa kushikamana.

Jinsia nayo iamuliwe mapema. Nzi dume wa Drosophila habadilishani vipande vya kromosomu na hajengi changamano la sinaptonema, na kwa nondo wa hariri ni jike asiyebadilishana. Kosa la kuchagua jinsia isiyofaa ni jepesi kufanyika na hugharimu miezi.

Kuhusu kingamwili, alama inayotumika sana ni H2Av, histoni (protini ambayo DNA huizunguka) iliyoongezewa fosfeti, ambayo kwa wanyama wengine huitwa H2AX. Alama hii hujitokeza kama nukta popote DNA inapokatika, ikiwa ni pamoja na katika seli inayokufa, kwa hiyo nzi wasio na mei-W68 wawekwe tayari kama kielelezo cha kulinganisha. Kwao nukta za meiosisi hazitarajiwi. Kingamwili ya nukta na ile ya zipu zitoke kwa wanyama tofauti, mmoja sungura na mwingine panya, la sivyo rangi zitachanganyika.

Ikumbukwe pia kwamba idadi ya nukta ndani ya seli si idadi ya mivunjiko yote iliyotokea, bali ni ile ambayo haijarekebishwa wakati huo. Anayehitaji jumla atafute nzi wenye kasoro ya urekebishaji, kama wale wa jeni ya okra, ambao mivunjiko yao hurundikana.

Majike walishwe hamira mbichi kwa siku 2 hivi kabla ya kupasuliwa, ili ovari zijae. Vioo vipewe namba za siri na mtu mwingine kabla ya kuhesabu, maana macho yanayotarajia nukta huziona hata pasipo nukta.