Redio koli inawaka taa ya kijani lakini haitoi sauti: kurekebisha toni kwenye Baofeng UV-5R

Mwenzako akiongea, taa ya kijani ikawaka na spika ikabaki kimya, usihangaike na antena. Mawimbi yamefika, toni (mlio wa chini unaotumwa pamoja na maongezi, redio inayopokea huusubiri kabla ya kufungua spika) ndiyo inayokataa.

1. Akiwa bado anaongea, shikilia MONI, kitufe kidogo kilicho chini ya kile cha kuongelea. Ukimsikia, kosa liko kwenye toni ya kupokea. Taa isipowaka kabisa, kagua masafa kwanza.

2. Bonyeza VFO/MR utoke kwenye chaneli uingie hali ya masafa, kisha andika masafa yenu. Wengi huruka hapa, halafu wanashangaa: toni iliyobadilishwa ukiwa ndani ya chaneli haihifadhiwi.

3. MENU, 11 (R-CTCS, toni ya kupokea), MENU, weka OFF, MENU, EXIT. Namba 10 (R-DCS, toni ya kupokea ya kidijitali) nayo iwe OFF. Sasa utasikia kila anayeongea kwenye masafa hayo.

4. Namba 13 (T-CTCS) ni toni unayotuma. Weka ile ile wanayopokea wenzako, tuseme 88.5 (Hz). Hakuna "inakaribia": 85.4 ni toni nyingine.

5. Futa chaneli ya zamani kwa namba 28, hifadhi upya kwa 27.

Ukishasikilizana nao vizuri ndipo urudishe toni kwenye 11, kama kelele za wengine zinakukera.

Maswali ya wanachama

*Wenzangu wana redio za dukani, wanasema wako kodi 8. Niweke nini?*
88.5. Kodi ni nafasi tu kwenye jedwali la mtengenezaji. UV-5R ina 69.3 baada ya 67.0, kwa hiyo ukihesabu toni ya nane utaangukia 85.4.

*Neno langu la kwanza linakatika.*
Redio inayopokea inahitaji muda kuitambua toni. Bonyeza, subiri nusu sekunde, ndipo uongee. Wao pia wapunguze SAVE (kuokoa betri), namba 3.

*Kwa hiyo toni inatuficha?*
Hapana! Aliyezima toni yake anawasikia nyote. Ninyi ndio msiomsikia, mkaishia kuongea juu yake. Bonyeza MONI kabla ya kuongea.

*Toni zinafanana, ila spika inafunguka na kujifunga.*
Linganisheni namba 5 (WN, upana wa mawimbi). Mara nyingi mmoja yuko WIDE, mwingine NARR.