Mtoaji Figo Naye ni Mgonjwa Wako

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa muuguzi mratibu wa upandikizaji figo hapa Kisumu. Upasuaji wenyewe hufanyika Eldoret au Nairobi. Mimi huandaa. Mgonjwa na ndugu yake anayetaka kumpa figo hukaa mikononi mwangu miezi mitatu, minne, wakati mwingine mwaka mzima, ndipo wapande gari. Wakishapona wanarudi kwangu. Mwezi huu nimeletewa muuguzi kijana nimfundishe, na haya ndiyo ninayomwambia. Nayaandika kwa sababu najua kuna wenzetu Nakuru, Kakamega na Busia watakaokabidhiwa kazi hii bila mtu wa kuwashika mkono.

Familia huja yote siku moja. Mgonjwa amechoka, anaoshwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki na mkono wenye mshipa wa mashine umevimba. Yupo mkewe, yupo mama yake, wapo ndugu wawili watatu, na mjomba aliyetoka Bondo na gari la alfajiri kwa sababu bila yeye hapaamuliwi kitu. Wakishaketi, macho yote yatakugeukia, na swali litakalokujia mdomoni ni: nani atatoa? Usiliulize.

Mimi niliuliza. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Mgonjwa alikuwa kifungua mimba wa nyumba yao, ndiye aliyewalipia wadogo zake karo baada ya baba kufa. Nilipouliza, mjomba akamtazama kitinda mimba, kijana wa miaka ishirini na minne. Kijana akainamisha kichwa. Mjomba akasema, "Huyu amekubali." Nikaandika jina lake kwenye daftari. Vipimo vyote vikatoka vizuri isipokuwa presha, ambayo kila alipokuja kwangu ilikuwa juu, na kila mara nilimwambia apumzike kidogo nipime tena. Wiki moja kabla ya safari alikuja peke yake saa ya chakula cha mchana. Alisimama mlangoni, akasema, "Sista, mimi sikukubali. Nilinyamaza tu."

Tulisimamisha kila kitu. Kaka yake aliendelea na mashine miezi minane zaidi hadi dada yao, ambaye hakuna aliyewahi kumtazama siku ile, alipokuja mwenyewe akiomba kupimwa. Lakini yule kijana nilikuwa nimembebesha usingizi mbaya wa wiki nyingi, na presha yake ilikuwa ikiniambia hivyo tangu mwanzo.

Siku hizi kikao cha kwanza ni cha kufundisha tu. Hakuna jina linaloandikwa. Naeleza figo hufanya nini, mashine hufanya nini, na kwamba hapa kwetu figo hutoka kwa mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa. Naeleza makundi ya damu: mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote, na ile alama ya chanya au hasi haihusiki. Kisha namgawia kila mmoja karatasi ndogo yenye namba yangu ya simu, hata yule aliyekaa nyuma kimya, hata mjomba. Nawaambia: anayetaka kupimwa atanipigia mwenyewe, mtu mwingine asinipigie kwa niaba yake.

Na kabla hawajaondoka natamka sentensi moja mbele ya wote: "Baadhi yenu mtapimwa na tutasema hamfai kutoa. Sababu hatutamwambia mtu mwingine, hata mgonjwa." Sentensi hiyo ndiyo mlango wa kutokea. Akija mtu baadaye akakuambia hataki, familia itapewa maneno yaleyale, kwamba hafai kutoa, basi. Si uongo, kwa sababu asiyetaka kweli hafai. Usiongeze ugonjwa wa kubuni juu yake. Ukisema ana tatizo la moyo, utamwona mwakani amekatazwa kuoa.

Kikao cha pili ni cha mtu mmoja

Tafuta chumba chenye mlango unaofungika. Mume wa mtoaji asiwe ndani, wala mama mkwe, wala yule binamu mkarimu aliyejitolea kutafsiri. Kama mtoaji anazungumza Kiluhya na wewe huelewi, tafuta muuguzi mwenzako anayekijua. Mkalimani wa nyumbani hutafsiri kile nyumba inachotaka kusikia.

Maswali yangu ni machache na nayauliza polepole. Nani wa kwanza kukutajia jambo hili? Usipotoa, nyumbani kutakuwaje? Kuna kitu umeahidiwa: shamba, pesa, kazi, karo ya mtoto? Miezi miwili utakayokaa bila kubeba kitu kizito, nani atalima, nani atachukua watoto shuleni? Nikishauliza naweka kalamu chini. Watu wa huku tumefundishwa kutomjibu mkubwa haraka, na muuguzi mwenye sare ni mkubwa. Ukijaza kimya kile kwa maneno yako utakuwa umejijibu mwenyewe.

Wake na akina mama uwahoji kwa uangalifu zaidi. Duniani kote wanawake ndio wengi miongoni mwa watoaji walio hai, na wanaume ndio wengi miongoni mwa wapokeaji. Yupo mke anayetoa kwa moyo mweupe kabisa, nami nimewaona wengi. Yupo pia anayejua kwamba akikataa, mume akifa, hatakuwa na pa kulala. Hilo swali la "nyumbani kutakuwaje" ndilo humfungua.

Kuhusu pesa, sheria iko wazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka idhini ya maandishi, na kuuza au kununua kiungo ni kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni 10, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Nauli, chakula cha safarini na siku za kazi alizopoteza mtoaji ni jambo lingine, familia inaruhusiwa kumfidia, na mimi huwahimiza waandike hesabu hiyo mapema ili isije ikageuka fumbo. Cha kutilia shaka ni "binamu" asiyejua jina la mama wa mgonjwa, anayekuja na mtu wa tatu anayejibu kila swali kabla yake, na ambaye barua yake ya chifu imetoka mahali mbali na kwao. Ukimwona huyo, usimfokee. Mara nyingi yeye ndiye maskini kuliko wote katika mpango ule. Simamisha faili, lipeleke kwa mkuu wako na kwa kamati ya maadili, na usiweke sahihi yako popote hadi uhusiano wao uthibitishwe kwa vyeti vya kuzaliwa na kwa kuongea na watu wa nyumbani.

Hofu nazo zitakuja, na usizicheke. Wanaume wataniuliza kwa sauti ya chini kama watazaa tena. Watazaa, figo haihusiki na nguvu za kiume. Wanawake wataniuliza kama watabeba mimba. Wengi hubeba salama, lakini uwezekano wa presha ya mimba huongezeka: katika utafiti mmoja wa Kanada ulioandikwa mwaka 2015, ulikuwa asilimia 11 kwa waliotoa figo na asilimia 5 kwa wasiotoa. Kwa hiyo msichana ambaye hajazaa mwambie hivyo waziwazi, na umpe muda wa kwenda kufikiri. Wote wataniuliza kama watakufa. Nawajibu kwamba katika kila watu 10,000 wanaotoa figo, takriban 3 hufa kwa sababu ya upasuaji. Mama mmoja wa Ahero aliniomba nimwonyeshe hesabu hiyo kwa punje za mchele. Sikuwa na punje 10,000, nikamwambia afikirie bakuli dogo la mchele wa kwao na punje tatu nyeusi ndani yake. Alikaa nalo wiki mbili, akarudi akasema yuko tayari. Sasa natumia bakuli hilo kwa kila mtu.

Vipimo

Orodha ya vipimo utapewa na daktari, sitairudia hapa. Nitataja vile ambavyo watu wa ziwa hukwama navyo.

Mtoaji apimwe selimundu, hata kama ni mzima kabisa. Ukanda huu wetu wa ziwa una watu wengi wanaobeba nusu ya ugonjwa huo, waliyoirithi kwa mzazi mmoja tu, bila kujua, na daktari lazima ajue kabla ya kukubali figo yake. Mvuvi au mtu wa ufukweni apimwe kichocho na atibiwe kwanza. Presha ipimwe siku mbalimbali, na ikiwezekana kwa mashine ya kuvaa saa 24, kwa sababu iliyonipita mimi isikupite wewe. Uwezo wa figo kuchuja, kwa mililita kila dakika, ukiwa 90 na zaidi ni vizuri. Ukiwa kati ya 60 na 89, daktari ataamua kwa kuangalia umri na mengine. Chini ya 60 huyo ni wa kutunzwa, si wa kutoa.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa kwa tishu, yaani zile alama ambazo mwili hutumia kutambua kilicho chake. Mzazi na mtoto hulingana nusu. Waambie hili mapema, maana mama hudhani yeye ndiye atakayelingana kuliko wote, na asipolingana hulia kana kwamba amemnyima mtoto kitu.

Kisha kuna krosimachi, kipimo kinachochanganya maji ya damu ya mgonjwa na chembe nyeupe za mtoaji kuona kama zitashambuliwa. Hiki ndicho huvunja mioyo. Mwanamke aliyemzalia mumewe watoto anaweza kuwa na kingamwili, askari wa mwili, dhidi ya tishu za mumewe, alizozipata wakati wa mimba, na figo ya mume ikakataliwa pale pale. Damu ya kuongezwa nayo huleta kingamwili. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa kitengo cha kuosha damu: mgonjwa anayesubiri figo asiongezwe damu kama sindano za kuongeza chembe nyekundu zinatosha. Na akiongezwa, nipigiwe simu siku hiyohiyo, krosimachi irudiwe.

Sampuli ya krosimachi inahitaji chembe zilizo hai. Usiiweke kwenye barafu. Tumepoteza sampuli mbili kwa sababu mtu mwema aliona chupa za damu akazipakia kwenye boksi la chanjo. Zikae kwenye joto la kawaida la chumba, zisipigwe jua, na zifike maabara ndani ya saa 24. Mimi hutoa damu Jumatatu au Jumanne asubuhi, kamwe si Ijumaa, nampa dereva ninayemjua, naandika saa ya kutoa damu kwenye kila chupa, na sitoki kazini hadi maabara inijibu kwamba imepokea.

Wakirudi

Aliyepokea figo atarudi na mfuko wa dawa: takrolimasi, maikofenoleti, predinisoloni, na za kuzuia maambukizi. Hizo tatu za kwanza, za kuzuia mwili usiikatae figo, ni za maisha yote ya figo hiyo. Saa ndiyo kila kitu. Wangu huwafunga kwenye taarifa ya habari: saa moja asubuhi na saa moja jioni, redio ikilia, dawa mdomoni. Siku ya kliniki peke yake kanuni inabadilika, na hapa wengi hukosea. Anayetoka Siaya au Homa Bay huwa ndani ya matatu saa moja asubuhi, anameza kama kawaida, akifika tunapima takrolimasi iliyo kwenye damu na kipimo kinatoka juu bila maana. Mfundishe: siku hiyo dawa aje nayo mkononi, tumtoe damu kwanza, ndipo ameze.

Mwambie pia asile balungi, asinywe dawa za miti bila kuniuliza, asinywe maziwa mabichi, asipewe chanjo ya virusi hai. Akigundulika ana kifua kikuu, daktari wa huko aambiwe kuhusu figo kabla ya kuanza dawa, kwa sababu rifampisini hushusha takrolimasi mwilini hadi figo ikabaki bila ulinzi. Na mwambie anywe maji. Mtu aliyeishi miaka mitatu akihesabu vikombe huogopa jagi. Mke wa mgonjwa wangu mmoja alinipigia usiku akilia kwamba mumewe amekunywa lita mbili. Nikamwambia amwongezee.

Mtoaji naye? Wakati wote huu harambee, maombi na picha ni za aliyepokea. Mtoaji anarudi kazini na kovu lake. Figo iliyobaki hukua na kufanya kazi zaidi, na baada ya muda uwezo wake wote unakuwa kama asilimia 70 ya ule wa awali wa figo zote mbili. Inatosha kuishi nayo, lakini inataka kuangaliwa: presha, kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huuchuja) na protini kwenye mkojo kila mwaka. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo.

Kwenye kaunta buku langu watoaji wana kurasa zao, si mstari mmoja ndani ya faili la mgonjwa. Tarehe ya upasuaji ya kila mmoja nimeiweka pia kwenye simu. Ikifika nampigia, hata kama aliyepokea figo yake ameshafariki. Wiki jana ilikuwa zamu ya yule dada aliyekuja mwenyewe akiomba kupimwa. Anauza nguo soko la Kibuye, alikuwa na wateja, akaniambia nisubiri kwenye laini. Nikasubiri. Presha yake ni 118 kwa 76, na Alhamisi atakuja kutoa mkojo.