Viza ya Schengen kwa Pasipoti ya Tanzania: Kupanga Faili Lisilojipinga

Viza ya muda mfupi ya Schengen, aina C, inakuingiza katika nchi 29 za Ulaya kwa stika moja. Ni ya kutalii, kutembelea ndugu, kwenda kwenye maonyesho, mkutano au mazungumzo ya biashara. Masomo marefu, ajira na kuhamia kwa mwenza ni viza aina D, na kila nchi ina utaratibu wake. Usiombe C huku moyoni una mpango wa D. Uingereza, Ireland na Cyprus hazimo. Romania na Bulgaria zimo kikamilifu tangu 1 Januari 2025, kwa hiyo ukikuta orodha isiyozitaja ujue ni ya zamani.

Shika jambo moja kabla ya kujaza chochote: anayekupokea dirishani siye anayeamua. Anayeamua anaona karatasi tu, kwa hiyo karatasi zako lazima zisemezane. Barua ya kazini ikisema likizo inaanza tarehe 8, na buking ya ndege ikasema unaondoka tarehe 4, hutakuwepo kumweleza kwamba bosi alikuruhusu kwa mdomo.

Hatua ya 1: Jua unaomba kwa nani, na lini

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Paris siku 5 na Amsterdam siku 3, hiyo ni Ufaransa, hata kama ndege inatua Amsterdam. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Wengi hukosea hapa kwa kusikia kwamba ubalozi fulani "hausumbui", wakabuni ratiba ya kuufuata. Ratiba ya kubuni hujionyesha yenyewe: hoteli ya siku 6 katika mji usio na mwenyeji wala shughuli, huku barua ya mwaliko imetoka nchi nyingine.

Ombi hupelekwa unakoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman anaombea huko huko, halazimiki kurudi Dar es Salaam. Kwa aliyeko Tanzania, angalia kwanza kama nchi unayoitaka inapokea maombi hapa, maana kuwa na ubalozi nchini si lazima kuwa na dawati la viza.

Mapema kabisa ni miezi 6 kabla ya safari, mwisho ni siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 tangu ombi lipokelewe, ila unaweza kusogezwa hadi 45. Kwa safari za Juni hadi Agosti anza kutafuta miadi miezi 3 au 4 kabla.

Hatua ya 2: Pasipoti na majina

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Picha ni milimita 35 kwa 45, ya hivi karibuni. Hijabu inaruhusiwa kwa sababu za dini, mradi uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi paji.

Kisha panga mezani pasipoti, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na barua ya kazi, usome majina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwenye kompyuta. Jina la babu likiwa kwenye NIDA na halipo kwenye pasipoti, fanya kiapo cha majina kwa wakili, ukiambatanishe. Hati iliyo kwa Kiswahili pekee itafsiriwe. BAKITA hufanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Pesa

Hapa ndipo mafaili mengi yanapokufa, na mara nyingi si kwa sababu pesa ni kidogo.

Chukua taarifa ya benki ya miezi 3, ikiwezekana 6, yenye muhuri na sahihi ya tawi. Picha ya skrini ya simu haina kazi. Afisa anasoma vitu viwili: salio la mwisho na mwendo wa pesa, na mwendo ndio wenye uzito. Chukua mtu ambaye mshahara wake wa 1,400,000 huingia tarehe 25 na tarehe 27 umebaki 30,000. Wiki moja kabla ya miadi zinaingia 15,000,000 kwa mkupuo. Salio limependeza, lakini anayesoma haoni akiba, anaona pesa ya kuazima inayosubiri kurudishwa. Kama ni yako kweli, thibitisha ilikotoka: mkataba wa kuuza kiwanja, barua ya mkopo wa SACCOS, au karatasi ya mgao mlipovunja kikoba.

Mwenye duka ambaye fedha yake inapita mkononi na kwenye simu atoe pia taarifa ya M-Pesa au mtandao anaotumia, pamoja na leseni ya biashara, usajili wa BRELA, TIN na uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA. Dawa hasa ni kuanza kupitisha mauzo benki miezi 6 kabla. Huo muda haununuliki.

Kiasi gani kinatosha? Kila nchi ina kipimo chake. Ufaransa hutaka yuro 65 kwa siku ukiwa na hoteli, 120 usipokuwa nayo, na 32.50 ukipokelewa na mwenyeji. Uholanzi hutumia yuro 55. Kwa siku 15 za Ufaransa ukiwa na hoteli ni 15 × 65, yaani yuro 975. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na nauli iko kando.

Mwenyeji anapokugharamia, barua ya kawaida haitoshi. Ujerumani hutumia Verpflichtungserklärung, hati ya ahadi ya kugharamia, anayoitoa mwenyeji mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake. Ufaransa ni attestation d'accueil, hati ya kumpokea mgeni, kutoka mairie (ofisi ya manispaa), na hiyo inahusu malazi tu, bado unaonyesha zile yuro 32.50 za kila siku. Ubelgiji ni annexe 3bis, fomu ya ahadi ya kugharamia, inayopitia manispaa.

Angalia pia neno la undugu. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka, na hakuna anayeuliza zaidi. Kwenye fomu ukiandika kaka, afisa anategemea vyeti viwili vya kuzaliwa vyenye wazazi walewale. Akikuta wazazi tofauti, umeshaonekana mwongo. Andika binamu, kisha onyesha mnyororo: cheti chako, cha baba yako, cha baba mdogo, cha mwenyeji. Vyeti vya RITA vinatosha kuuunganisha.

Hatua ya 4: Kinachokurudisha

Barua ya mwajiri itaje cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Mshahara ndio unaoleta mgongano: barua inasema 2,000,000, benki inaingia pungufu kwa sababu PAYE na NSSF vimeshakatwa. Ambatanisha hati za mshahara za miezi 3 zinazoonyesha makato, utata unaisha. Ongeza cheti cha ndoa, vyeti vya watoto unaowaacha, hati ya nyumba au mkataba wa pango. Mwanafunzi alete barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji idhini ya maandishi ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya pasipoti au kitambulisho chake.

Hatua ya 5: Buking na bima

Ndege ni buking, si tiketi iliyolipiwa. Usinunue tiketi isiyorudishika kabla ya viza. Hoteli iwe ya kweli. Vishoka wanaouza buking za kuchora huzifuta siku ya pili, na ubalozi ukipiga simu hotelini hakuna jina lako.

Bima ya safari igharamie angalau yuro 30,000, iwe halali katika nchi zote za Schengen, na itaje matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Hesabu tarehe kwa kidole. Ndege ya usiku inayotua kesho yake imewafanya wengi wapungukiwe siku moja mwishoni.

Hatua ya 6: Siku ya miadi

Tangu 11 Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure. Kituo cha kupokelea maombi kina ada yake juu ya hiyo. Ukikataliwa hairudi. Utachukuliwa alama za vidole 10, isipokuwa watoto chini ya miaka 12. Alama hizo hutumika tena kwa miezi 59. Wenye hina mbichi kwenye ncha za vidole au majeraha wasubiri vipone kwanza.

Hatua ya 7: Soma stika kabla hujaondoka dirishani

Tuseme uliomba safari ya 5 hadi 19 Juni 2026. Stika inaweza kuonyesha 05-06-26 hadi 04-07-26, na chini yake muda wa kukaa ni siku 15. Watu huona 4 Julai wakafurahi. Zile siku 15 za nyongeza ni nafasi ya kusogeza safari, basi. Siku za kukaa ndani bado ni 15, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kwenye stika ya Ujerumani mstari huo ni Dauer des Aufenthalts, ya Ufaransa ni durée du séjour. Kagua pia idadi ya kuingia: ikiwa 1, ukitoka kwenda London huwezi kurudi Paris kwa viza hiyo.

Mwenye viza ya kuingia zaidi ya mara moja anafungwa na kanuni ya siku 90 ndani ya siku 180, na kipindi hicho cha siku 180 kinasogea kila siku. Ulikaa 1 hadi 30 Machi, siku 30, kisha 10 Mei hadi 8 Juni, siku 30. Unataka kuingia 1 Agosti. Rudi nyuma siku 180 ukihesabu na siku hiyo: unafika 3 Februari. Umetumia 60, zimebaki 30. Kuanzia 28 Agosti zile za Machi zinaanza kudondoka, moja kila siku.

Ukikataliwa

Utapewa fomu yenye visanduku vya sababu. Vinavyozoeleka ni madhumuni hayakuthibitishwa, maelezo hayaaminiki, uwezo wa kifedha haukuonyeshwa, na shaka kwamba utaondoka viza ikiisha. Fomu hiyo pia inasema rufaa inapelekwa wapi na kwa muda gani. Muda hutofautiana kwa nchi. Kuomba upya kunaruhusiwa, lakini faili lilelile litaleta jibu lilelile. Usijaribu nchi nyingine kwa kuficha: kukataliwa kwako kumo kwenye mfumo wa VIS unaosomwa na nchi zote.

Mpakani

Viza haikuhakikishii kuingia. Barua ya mwaliko, hoteli, bima na tiketi ya kurudi vikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu mzigo wa chini bado uko kwenye mkanda wakati afisa anakuuliza. Mfumo wa EES, ulioanza 12 Oktoba 2025, unarekodi kuingia na kutoka badala ya mihuri: unapigwa picha ya uso na alama za vidole zinahakikiwa. Hauna ada. ETIAS, idhini ya mtandaoni ya wasiohitaji viza, haimhusu mwenye viza, kwa hiyo anayekuuzia anakuibia.

Msafiri mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya kupita uwanjani hata kama anabadilisha ndege tu Brussels au Paris, isipokuwa ana viza halali ya Schengen au nyaraka nyingine zinazomwondolea sharti hilo. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha hiyo ya pamoja, ila nchi moja moja huweza kuongeza majina yake. Ulizia kwa uwanja unaopitia.

Fedha taslimu kuanzia yuro 10,000 zinatangazwa forodhani. Nyama, siagi na maziwa ya nyumbani hayaingii. Ndizi, nanasi na nazi zinaruhusiwa bila cheti. Embe la Tanga linahitaji cheti cha afya ya mimea, na bila hicho linaishia kwenye pipa la uwanjani.