Kusimamia Ofa za Kazi kwa Mfumo wa Kuajiri Wenye Akili Unde: Kutoka Jedwali la Mishahara hadi Saini

Mwongozo huu ni wa afisa rasilimali watu wa Tanzania Bara ambaye ofisi yake imeanza kutumia mfumo wa kuajiri wenye akili unde (AI), na ambaye sasa anatakiwa kuutumia baada ya usaili, yaani katika kuandaa ofa, kuituma na kuifuatilia hadi isainiwe. Usaili ukiharibika hurudiwa, lakini barua ya ofa ikikosewa, mtu huenda amekwisha kuacha kazi yake kwa kuiamini. Kwa hiyo nashikilia kanuni moja: mashine iandike maneno, tarakimu zitoke kwenye jedwali lililoidhinishwa.

Hatua ya 1: Funga tarakimu kabla ya kuandika chochote. Ingiza kwenye mfumo jedwali la ngazi za mishahara, posho na marupurupu, kisha uweke ruhusa ili anayeandaa barua achague ngazi tu, asiweze kuandika kiasi kwa mkono. Zima pia kipengele kinachoiruhusu akili unde kujaza sehemu tupu kwa kuiga barua za nyuma. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, mfumo ulichukua posho ya nyumba kutoka barua ya zamani ukaiweka kwenye barua ya mhasibu mpya, na kwa kuwa barua ilisomeka vizuri, watu watatu tuliipitia bila kuona. Mwisho wa mwezi alikuja mezani kwangu na barua yake, akaweka kidole kwenye mstari ule wa posho, akauliza iko wapi. Haki ilikuwa yake.

Hatua ya 2: Tengeneza kiolezo kinachofuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 15 kinataka mwajiriwa apewe kwa maandishi, pamoja na mambo mengine, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi na ujira. Vifungu hivi vifungwe ili akili unde isivibadilishe, hata kwa nia ya kurahisisha lugha.

Hatua ya 3: Agiza rasimu. Maelekezo yawe mahususi, kwa mfano: “Andika maelezo ya kazi ya mhasibu msaidizi kwa aya mbili, ukitumia majukumu yaliyo kwenye tangazo pekee, usitaje mshahara, posho wala ahadi ya kupandishwa cheo.” Usibandike namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), taarifa za afya wala hati za malipo za mwombaji kwenye dirisha la maelekezo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuwajibisha wewe kwa taarifa ulizokusanya.

Hatua ya 4: Ambatisha mchanganuo wa makato. Hapa ndipo ofa nyingi huvunjika, kwa kuwa mwajiri hutaja mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, huku mwombaji akifikiria kitakachobaki mkononi. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000 usio na posho. Mchango wa mwajiriwa wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 150,000, hivyo kinachotozwa kodi ni 1,350,000. Kwa viwango vya PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2021, kodi ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, pamoja na asilimia 30 ya zile 350,000 zinazozidi, jumla 233,000. Mkononi zinabaki 1,117,000. Ikiwa mwajiriwa ana deni la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000, na zinabaki 892,000. Mwulize mapema kama ana mkopo huo. Hesabu hii ifanywe na programu ya mishahara, kwa sababu akili unde ya maandishi huweza kukosea hesabu huku sentensi zake zikiwa safi.

Hatua ya 5: Kagua mshahara unaopendekezwa na mfumo. Mifumo mingi hukadiria kiasi ambacho mwombaji atakikubali kwa kutazama mshahara wake wa awali au ofa zilizopita. Sikubaliani na matumizi hayo. Ikiwa huko nyuma wanawake walilipwa kidogo kwa kazi ileile, mashine itaurudia ubaguzi huo kana kwamba ni bei ya soko, ilhali sheria ya 2004 inaukataza. Kiasi kifuate ngazi ya kazi.

Hatua ya 6: Pitisha idhini, kisha tuma. Mkuu wa idara na mhasibu waidhinishe ndani ya mfumo ili majina na muda vibaki kwenye kumbukumbu. Weka tarehe ya mwisho ya kujibu. Mimi hutoa siku tano za kazi, na huuacha mfumo utume kikumbusho kimoja siku ya tatu. Saini ya kielektroniki inatambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Hatua ya 7: Mwombaji akitaka majadiliano, mpigie simu mwenyewe. Mkikubaliana, batilisha toleo la kwanza kabla ya kutuma la pili, ili asiwe na barua mbili zilizo hai. Ujumbe wa kuwashukuru wasailiwa wengine uzuiwe kwenye mfumo hadi saini ipatikane, kwa kuwa aliyeshika nafasi ya pili akiarifiwa mapema kwamba amekosa, kumrudia wiki moja baadaye ni kazi ngumu.