Laptop imefungwa tangu kiwandani: tafuta ufunguo kabla hujaweka Linux

Nafanya kazi ya laptop karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Mteja akitaka mfumo wa Linux pembeni ya Windows, namuuliza kwanza: ufunguo wa diski yako uko wapi?

Niliwahi kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ya laptop ya binti mmoja nikafuta TPM, chipu inayotunza siri za kufungulia diski. Ilipowaka, skrini ya bluu ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Aliapa hajawahi kuwasha BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski, na alisema kweli. Laptop nyingi za Windows 11 huja na diski iliyokwisha kusimbwa, yaani haisomeki bila ufunguo, na ufunguo hupanda kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeingia kwanza. Hapo aliyeingia kwanza ni kaka yake, yuko Singida. Tulimpata hewani jioni, na utafiti wote wa binti ulikuwa humo ndani.

Basi fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Ukikuta diski imesimbwa asilimia 100 lakini ulinzi umezimwa, usijidanganye: ufunguo umeachwa wazi kwenye diski ileile. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft, ulinzi uwake. Halafu `manage-bde -protectors -get C:` itakuonyesha zile tarakimu. Mteja aziandike mwenyewe kwenye daftari lake. Sizihifadhi mimi, mali ni yake.

Kabla ya kugusa BIOS, sitisha ulinzi: `manage-bde -protectors -disable C: -rc 0`. Ukimaliza, uwashe tena: `manage-bde -protectors -enable C:`. Nafasi ya Linux ikate ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management, maana kisakinishi cha Ubuntu hakiwezi kupunguza diski iliyofungwa na BitLocker.

Ukiwa Linux, faili za Windows zinasomeka. Cryptsetup, programu ya Linux ya diski zilizosimbwa, inafungua BitLocker tangu toleo 2.3.0 la mwaka 2020:

`sudo cryptsetup open --type bitlk /dev/nvme0n1p3 win`
`sudo mount -o ro /dev/mapper/win /mnt`

Namba ya patisheni, yaani kipande cha diski chenye Windows, hakiki kwa `lsblk`. Ikiomba nywila, weka zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Upande wa Linux wenyewe, chagua usimbaji wakati wa kusakinisha.

Mac zenye chipu za Apple husimba diski daima, ila washa FileVault, ulinzi wa diski wa Mac, ili nywila yako ihitajike.

Wapo mafundi wanaozima BitLocker kabisa ili kazi iishe haraka. Mimi sikubali. Begi likiibwa stendi ya Nanenane, mwizi aondoke na chuma tu.